Kabla ya kuuza shamba la Sepuka kufuata zabibu za Dodoma

Kutoka Sepuka hadi Dodoma si safari ya kutisha siku hizi. Familia ikiamka alfajiri na kufika Singida mjini mapema, basi litashika lami ya Ikungi, Issuna na Mkiwa, lipite Manyoni, literemke ukingo wa Bonde la Ufa pale Saranda, lipite Kintinku na mashamba ya mpunga ya Bahi, na mchana watoto wako Dodoma wanagombania kishada cha zabibu. Kutoka Singida mjini ni kilomita zipatazo 240.

Urahisi huo wa njia ndio unaofanya uamuzi wa kuhama uonekane mwepesi. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji huo ukapandishwa kuwa jiji Aprili 2018, Dodoma imekuwa jibu la karibu kila swali la mkulima wa Kanda ya Kati. Ajira ziko Dodoma, soko liko Dodoma, zabibu ziko Dodoma. Mzazi aliyechoka kuuza alizeti kwa bei ya kupangiwa anaanza kupiga hesabu usiku: auze ekari zake za Sepuka, anunue kashamba upande wa Hombolo, Mpunguzi au Chamwino, apande mizabibu, watoto wasome karibu na jiji.

Si wazo la kipuuzi. Wapo waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa zabibu. Ila mzabibu ni zao linaloishika familia kwa namna ambayo alizeti haijawahi kuishika, na ni vyema baba na mama walijue hilo kabla ya kumwita mnunuzi wa shamba.

Zao linalosubiri na lisilosubiri

Sepuka ipo Wilaya ya Ikungi, nchi ya Wanyaturu, upande ambao ukizidi kwenda magharibi unaikuta mbuga ya Wembere. Mvua ni ya msimu mmoja. Familia hulima mtama na uwele kwa ajili ya chakula, alizeti kwa ajili ya fedha, hufuga ng'ombe kwa maziwa na samadi, na kuku wa kienyeji ambao jina la Singida limefika nao hadi Dar es Salaam.

Alizeti ina tabia moja ambayo mzazi huizoea mpaka asiione tena: inasubiri. Ikishapigwa, ikapepetwa na kukaushwa vizuri, inakaa kwenye gunia. Bei ikiwa mbaya Juni, gunia linabaki ndani mpaka Septemba. Mtoto akihitaji sare na madaftari Januari, linatolewa gunia moja, si yote. Na soko likigoma kabisa, kuna mashine ya kukamua: mafuta yanabaki jikoni, mashudu wanakula ng'ombe na kuku. Hakuna mwaka ambao alizeti iliyovunwa inakosa kazi yoyote nyumbani.

Zabibu haina subira hiyo. Ikiiva inatakiwa ivunwe, na ikivunwa inatakiwa ifike kwa mnunuzi ndani ya muda mfupi kabla haijaanza kuchacha kwenye kreti. Kiwanda hupima sukari ya tunda, na mkulima hana usemi sana juu ya siku ya kupokelewa. Viwanda vikijaa, au lori lisipokuja, zabibu huozea shambani au huuzwa barabarani kwa bei ya kukimbiza hasara. Ndiyo maana baadhi ya wakulima wa Dodoma hukamua wenyewe na kuhifadhi mchuzi wa zabibu ili wauze baadaye, lakini hiyo inataka matangi, usafi wa hali ya juu, ujuzi na mtaji ambao familia iliyotoka kununua shamba haitakuwa nao.

Kuna pia suala la miaka. Alizeti hupandwa na kuvunwa ndani ya miezi michache. Mzabibu hutoa matunda ya kwanza katika mwaka wa pili, na shamba huanza kuwa na nguvu mwaka wa tatu. Mtoto aliye darasa la pili siku ya kupanda atakuwa darasa la tano kabla shamba halijaanza kulipa vizuri. Katika miaka hiyo familia itakula nini? Sepuka ghala lilikuwa na mtama. Kule unga utanunuliwa, mafuta yatanunuliwa, kuni au mkaa utanunuliwa, na shamba lenyewe litakuwa bado linadai: nguzo, waya, samadi, dawa, na vibarua wa kupogolea. Mnyaturu aliyezoea kutoa samadi zizini mwake na kuimwaga shambani atashangaa kuona inauzwa kwa lori.

Maji kwanza, shule baadaye

Sifa kubwa ya Dodoma, inayorudiwa na kila anayeuza shamba, ni mavuno mara mbili kwa mwaka: Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Ni kweli, na si jambo dogo, kwa sababu mashamba mengi ya mizabibu huko Ulaya huvuna mara moja tu. Lakini mavuno ya Agosti huja katikati ya kiangazi. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nayo huisha mapema. Asiye na kisima, bwawa au mfereji wa uhakika asihesabu mavuno mawili. Ahesabu moja, na hilo moja alipunguze kidogo.

Hapa ndipo wazazi wengi wanaweza kujikwaa, kwa sababu shamba huuzwa kwa kuangaliwa. Likitazamwa Februari, majani ni ya kijani, vishada vimening'inia, mtoto anapigwa picha chini ya waya. Swali la maji linaulizwa kwa adabu, linajibiwa kwa adabu, na watu wanakwenda kunywa soda. Hata kisima kikiwepo, kuna maeneo ya Dodoma ambako maji ya ardhini yana chumvi, na yanayotosha kumwagilia si lazima yafae kunywa. Familia inaweza kujikuta inamwagilia mizabibu kwa pampu na kununua maji ya watoto kwa ndoo.

Kuhusu shule, tofauti ni ndogo kuliko inavyosemwa. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada katika shule za Serikali tangu 2016, iwe Ikungi au Dodoma. Kinachobadilika ni umbali na msongamano. Kijiji cha zabibu kilicho kilomita 30 au 40 kutoka katikati ya jiji hakimpi mtoto shule ya jijini. Kinampa shule ya kijiji kingine, ambako hana shangazi wa kumpokea mvua ikinyesha.

Ardhi iliyo jirani na makao makuu

Sepuka, ekari za familia mara nyingi zimetoka kwa babu. Hakuna anayezilipia kodi ya pango, na mipaka yake inajulikana na majirani wote. Kuiacha ardhi ya namna hiyo kwenda kununua karibu na makao makuu ya nchi ni kuingia katika mchezo mwingine kabisa.

Jiji la Dodoma lina mipaka mipana, na sehemu kama Hombolo ziko ndani yake. Shamba la leo linaweza kuingizwa kwenye mpango wa upimaji na kugeuzwa viwanja. Hilo lina faida kwa mwenye nyaraka safi, maana thamani inapanda. Kwa aliyeuziwa kwa karatasi ya mkono na shahidi mmoja, ni mwanzo wa kesi. Migogoro ya ardhi Dodoma ina historia ndefu: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilivunjwa Mei 2017 baada ya malalamiko ya miaka mingi, na shughuli zake zikahamishiwa kwa uongozi wa mji.

Nje ya jiji, kwenye vijiji vya Chamwino au Bahi, inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mgeni anayetaka ardhi huomba kwa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji huridhia. Dalali anayesema mambo hayo "yatamalizwa baadaye" anauza usumbufu. Na upande wa pili wa biashara, yaani kule Sepuka, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwingine. Inafaa kulisema hili wazi, kwa kuwa katika nyumba nyingi habari za kuuza humfikia mama wakati bei imeshapatanwa.

Ndani ya nyumba

Kuna mambo hayana risiti. Bibi anayekaa na mtoto mchanga mama anapokwenda shambani hahami na familia. Kazi ya kuamia ndege kwenye uwele, inayofanywa na watoto wa ukoo mzima huku wakicheza, inakuwa kazi ya kulipa mtu kwenye mizabibu, maana ndege hushambulia zabibu pia. Msiba ukitokea Sepuka, nauli ni ya watu watano kwenda na kurudi, na huenda ukawa ndio wakati wa kupogolea.

Mizabibu pia hupigwa dawa mara nyingi kwa sababu ya ukungu, hasa wakati wa mvua. Mkulima wa mtama anaweza kumaliza msimu bila kushika pampu ya mgongoni. Kwenye zabibu pampu inakuwa chombo cha nyumbani, na palipo na watoto wadogo panahitajika chumba cha kufungia dawa, nguo za kupigia dawa zinazofuliwa peke yake, na mzazi mkali kidogo. Mtoto hachumi kishada anapopita shambani, hata kama kimeiva.

Halafu kuna jambo ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Sehemu kubwa ya zabibu za Dodoma huishia kwenye mvinyo. Kilimo hicho kiliingia kupitia wamisionari Wakatoliki wa Bihawana katikati ya karne iliyopita, na kikakua pamoja na viwanda vya mvinyo. Singida ina familia nyingi za Kiislamu, na masheikh wengi hukataza kumuuzia zabibu mtu anayejulikana kwamba atazigeuza pombe. Soko la zabibu za kula mezani lipo, lakini ni dogo na halipokei tani za shamba zima kwa wiki moja. Nyumba yenye msimamo huo ikubaliane mapema, kabla miche haijapandwa. Na nyumba isiyo na katazo hilo nayo ina la kufikiria: kijana wa miaka 16 anayekaa kwenye kijiji ambako mvinyo hutengenezwa na kuuzwa kwa madumu yuko karibu nao kuliko mwenzake wa mjini.

Sepuka nayo ina yake

Ingekuwa uongo kusema kubaki hakuna gharama. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka vibaya, na waliokuwa wamekopa kwa ajili ya mbegu na trekta waliumia. Mvua ikikatika Februari, mtama unakaukia kwenye kichanga na hakuna msimu wa pili wa kurekebisha. Miezi ya kiangazi ni mirefu na vijana huondoka hata bila zabibu kuwaita.

Kwa hiyo swali la familia si kama Dodoma ni nzuri. Ni kama shamba la Sepuka lazima liuzwe ili Dodoma ijaribiwe, na jibu kwa wengi ni hapana. Shamba linaweza kukodishwa kwa msimu. Mmoja wa wazazi anaweza kwenda kufanya kibarua cha kupogolea na kuvuna kwa msimu mmoja, ajue nani ananunua, anapima vipi, analipa baada ya siku ngapi. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, kilichojikita kwenye zabibu, kiko nje kidogo ya jiji, na anayekwenda kuuliza kuhusu miche na magonjwa hurudi na majibu ambayo dalali hana. Wengine wanaweza hata kujaribu miche michache nyumbani Sepuka karibu na kisima, maana ukame si mgeni kwa mmea huo.

Na anayekwenda kukagua shamba la kununua asiende Februari. Aende Oktoba, jua likiwa limekausha kila kitu, avue viatu, ateremshe kamba yenye jiwe kisimani na kupima maji yamebaki kina gani. Kisha apite kwa jirani, si kwa muuzaji, amuulize zabibu za Agosti zililipwa lini.