Mwani na Mrututu

Samaki 17 walikuwa wanaelea asubuhi ile, na maji yalikuwa maangavu kuliko siku yoyote tangu nikabidhiwe lile tangi. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeyatamani maji ya namna hiyo. Sasa nikawa naona hadi changarawe za chini, na gapi wote wamelala matumbo juu. Niliwaopoa mmoja mmoja kwa chujio la chai kabla wageni hawajaamka, nikawazika chini ya mparachichi nyuma ya jiko.

Ulikuwa mwaka 1995. Nilikuwa mtunza bustani wa hoteli moja mjini Moshi, na tangi lilikuwa limeachwa na mgeni mmoja aliyerudi kwao baada ya miaka mingi ya kazi hapa. Lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana 45, na kimo 50. Liliwekwa ukumbini, mkabala na dirisha la mashariki, ili jua la asubuhi liwapige samaki wapendeze. Kwa kuwa mimi ndiye niliyejua mimea, nikaambiwa na hili nilishike. Nililijaza maji ya mvua kutoka kwenye pipa, nikapanda magugu niliyoyatoa mferejini, na haukupita mwezi maji yakawa kama mchuzi wa kisamvu.

Kila nyumba yenye mikahawa kwetu Uru ilikuwa na mrututu, yaani salfeti ya shaba. Baba alikuwa akiuchanganya na chokaa kupulizia kahawa, na rangi yake ya bluu ilikuwa haitoki kwenye mashati yake hata yakifuliwa mara kumi. Nikajiambia kwamba kinachoua kuvu kwenye mkahawa hakiwezi kushindwa na mwani. Nikachukua chembe chache kwenye karatasi, nikaziyeyusha, nikamwaga. Mwani ulikufa kweli. Lakini mwani uliokufa unaoza, na ukioza unakula hewa iliyomo majini. Tena shaba yenyewe inachoma mashavu ya samaki, na katika maji ya mvua, yasiyo na chokaa wala chumvi za kuipunguza makali, inachoma vibaya zaidi. Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua tu kwamba nimeua viumbe nilivyopewa nivitunze.

Nilipomsimulia baba, hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: "Nduwa yetu uliwahi kuiona kijani?"

Sikuwahi. Nduwa ni bwawa dogo la kuhifadhi maji ya mfongo, ule mfereji wa ukoo unaoshuka kutoka mtoni juu na kugawiwa kwa zamu kihamba hadi kihamba. Upareni wanaliita ndiva. Usiku mtu analiziba lijae, asubuhi analifungua kumwagilia. Majani yalikuwa yanaangukia humo, mbuzi walikuwa wanakunywa humo, mbolea ya ng'ombe ilikuwa inatiririka humo kila mvua iliponyesha, na bado maji yalikuwa yanaonekana hadi chini. Juu yake ulitanda mringaringa mkubwa, na pembeni migomba. Jua lilikuwa likifika majini kwa vipande tu, na pembezoni mimea ilikuwa imejaa, inakunywa kila kilichoingia. Chakula kilikuwepo, mwanga ukakosekana, na walaji wengine walikuwa wameshatangulia.

Nikarudi hotelini nikaomba tangi lihamishiwe ukuta wa ndani. Meneja hakupenda. "Fundi, sasa wageni wataonaje?" Nikamwambia tutaweka taa ya mirija, saa 8 kwa siku, si zaidi. Alikubali kwa sharti kwamba ndani tupande masale, maana wageni wanapenda kuambiwa habari za Wachaga na masale ya kuombea msamaha. Nilimtii, nikakosea mara ya pili. Sale ni mmea wa nchi kavu. Likizamishwa linakaa kijani wiki mbili tatu, likikudanganya kwamba linaishi, kumbe linaoza taratibu kuanzia shinani. Uozo huo unatoa amonia, na sijaona kitu kinachoamsha maji ya kijani upesi kama amonia. Niliyang'oa yote usiku, nikayapanda mlangoni kwenye udongo, na huko yalistawi.

Mimea ya kweli niliipata kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga ya Moshi Chini: mmoja wenye majani kama utepe, mwingine hauna mizizi, majani yake kama sindano laini. Niliingia kwa buti na glavu, kwa sababu konokono wa mifereji ile wanabeba kichocho. Kila shada nililiroweka kwenye maji ya shabu siku nzima kabla halijaingia tangini, kisha nikalisuuza. Vijana niliowafundisha baadaye walikuwa wanaona huo ni usumbufu. Sikuwahi kuwaruhusu waruke hatua hiyo.

Mwaka 2001 mgeni aliyeshuka mlimani akiwa na malengelenge miguuni alikaa siku tatu ukumbini bila cha kufanya, akanitazama nikifuta kioo. Alipofika kwao alinitumia bahasha. Ndani mlikuwa na makala ya Paul Sears na Kevin Conlin ya mwaka 1996, kuhusu kudhibiti mwani katika matangi yenye mimea. Nilikaa nayo miezi mizima na kamusi. Hoja yao ilinishangaza: usiinyime mimea chakula, ilishe. Ipe naitreti, potasiamu na madini mengine ya kutosha, lakini fosfeti iwe ndiyo inayopungua, ili mimea yenye nguvu iifyonze yote na mwani ukose. Mimi nilikuwa nikifanya kinyume. Nilikuwa naiona mbolea kama chakula cha adui, mimea yangu ikabaki na njaa, majani yakitoboka, na palipo na mmea dhaifu mwani unakalia jani lenyewe.

Duka la pembejeo lililokuwa likiwauzia wakulima wa nyanya mbolea ya umwagiliaji wa matone lilikuwa na potasiamu naitreti. Gramu 4 katika lita 240 za maji zinaongeza kama miligramu 10 za naitreti kwa kila lita. Nilipimia kwenye mizani ya sonara. Urea sikuigusa, wala CAN, kwa sababu ya ile amonia. Ndani ya mwezi mmoja utepe ulikuwa umefika juu ya maji na kuanza kulala.

Kwenye fosfeti, hata hivyo, tangi langu lilikataa kuwafuata mabwana wale. Nilipoibana sana, kioo kikajaa vidoa vya kijani vigumu ambavyo havitoki mpaka kwa wembe. Nilipoongeza theluthi moja ya gramu kwa wiki, vidoa vikapungua. Nawaheshimu kwa sababu waliandika walichopima. Nami nilipima changu.

Kilichobaki kilikuwa hewa ukaa, na hapo mwalimu wangu alikuwa mama. Alikuwa anapika mbege ya kuuza, na utotoni nilikuwa nalala nikisikia pipa likichemka bila moto, povu likipanda na kupasuka. Hewa ile ile ndiyo mimea inayoihitaji majini. Nikachukua chupa ya soda ya lita 2, sukari vikombe viwili, hamira robo kijiko na maji ya vuguvugu, nikatoboa kizibo na kupitisha mpira wa dripu hadi tangini. Koki ya dripu ilinisaidia kuhesabu mapovu. Mama alipokuja kuona alicheka kwa furaha, akaweka sikio kwenye chupa. "Hii imeiva," akasema. Chupa moja ilikuwa inafika wiki mbili. Nikichelewa kubadilisha, hewa ikipungua leo na kuzidi kesho, ndevu nyeusi zilikuwa zinaota kwenye kingo za majani, na dawa yangu kwa hizo ilikuwa kukata jani tu. Ndiyo maana niliweka chupa mbili, moja ikianza wiki moja baada ya nyingine.

Mwaka 2006 ukame ulikausha mabwawa na mgawo wa umeme ukaja. Taa za tangi zilikuwa zinazimika mchana kutwa, chujio linasimama, na wakati ule nilikuwa nimeshachukua matangi mengine mawili ya ofisi mjini. Moja lilirudi kijani kabisa. Sikuwa na la kufanya, nikalifunika kwa blanketi zito siku nne, samaki bila chakula, na kijana akivuruga maji kwa jagi asubuhi na jioni ili wapumue. Nilipolifunua, maji yalikuwa yamerudi. Nilibadilisha theluthi yake papo hapo, madumu manne ya lita 20, ili uozo wa mwani uliokufa usibaki humo. Safari hii hakuna samaki aliyeelea.

Tangu hapo watu waliniita kwa ajili ya dawa, nami nikawa naenda na kipima muda cha kuhesabu saa za taa. Wengi walikuwa hawaniamini mpaka mwezi wa pili.

Nilistaafu mwaka 2019, nikarudi Uru. Mringaringa wa nduwani ulikuwa umekatwa kwa ajili ya mbao, migomba ya pembeni imepungua, na maji yalikuwa yamefunikwa nyuzi za kijani unazoweza kuzivuta kwa fimbo kama sufi. Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mzee wa mfongo, alinipokea palepale ukingoni. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akaniambia kwamba wamechanga fedha, wanangoja tu niwaambie wanunue mrututu kilo ngapi.

Nilimwomba tukae. Nikamweleza habari za samaki 17, yote, hata karatasi niliyofungia zile chembe. Alinisikiliza hadi mwisho, akatazama nduwa, akaniuliza mringaringa unachukua miaka mingapi kutanda. Jumamosi iliyofuata tulivuta nyuzi na vijana kwa reki, tukazirundika kwenye migomba kama mbolea, nami nikateremka mjini kwenye kitalu kutafuta miche.