Kiondo cha Mum Si Plastiki, Ni Mimi Nilikuwa Naharibu Picha

Kuna mteja wa Nakuru aliniuliza swali likanikaa kooni wiki nzima. "Hii kiondo ni ya mkonge ama ni plastiki?"

Hicho kiondo mum alikisuka siku kumi na mbili. Mkonge ulitoka kwao Machakos, akausokota kwa paja vile shosho alimfunza, akautia rangi kwa ile sufuria tumekatazwa kupikia. Halafu mtu akaangalia picha niliyoweka kwa tovuti akaona plastiki.

Na hakuwa anatusi. Nilifungua ile picha nikajifanya mgeni, na ukweli hata mimi ningeuliza. Misuko yote ilikuwa imeyeyuka ikawa kitu laini kinang'aa, kama beseni. Tovuti yenyewe mum aliilipia na pesa aliyokopa kwa chama, na kila mwezi lazima arudishe kidogo mbele ya wamama wenzake. So picha mbaya kwetu si mambo ya kupendeza macho tu.

Kitu ya kwanza nililaumu ni simu. Si ndio kawaida yetu? Nikaanza kumpigia mum hesabu ya simu mpya, kamera tatu nyuma, elfu thelathini na kitu. Akaniangalia tu. "Na hii yangu imefanya nini?" Nikakosa jibu.

Nikapeleka simu yake kwa jamaa wa saiba hapa mtaani, yule huwa anaturekebishia kila kitu. Akafungua picha kwa galari ya mum, akaivuta na vidole mpaka nyuzi zikaonekana moja moja. Safi kabisa. Akafungua ileile kwa tovuti: beseni. Akaniuliza, "Hii picha imepitia wapi mpaka ikafika hapa?"

Wasee, hapo ndipo niliona aibu. Mum anapiga picha ya upana wa pikseli 4000 na urefu 3000, yaani pikseli milioni 12. Ananitumia kwa app ya kuchat, na app inaibana ndiyo ifike haraka. Kwangu ilifika ikiwa 1280 kwa 960. Mimi nikaona kochi letu limeingia kwa picha, na badala ya kuikata vizuri, nikapiga skrinishoti. Skrini yangu ina upana wa 720. Nikabaki na mraba wa 720 kwa 720, ambayo ni pikseli laki tano na kidogo. Nikaipitisha kwa filta, nikaseti, nikaseti tena baada ya kubadilisha mawazo. Halafu tovuti ikaichukua ikaivuta ijaze nafasi yake. Chai ya mtu mmoja, tumeiongeza maji wageni wakifika.

Unajua mbona mkonge ndio uliumia zaidi? Picha nyingi tunazopiga huwekwa kwa JPEG, mfumo wa tangu 1992. Ule mfumo hugawa picha kwa vimraba vya pikseli 8 kwa 8, kisha kwa kila kimraba hutupa yale mabadiliko madogo madogo ambayo jicho halitayakosa sana. Ukuta au anga la buluu, hakuna shida, hutaona tofauti. Lakini kiondo ni nini kama si mabadiliko madogo madogo? Uzi mweusi, uzi kahawia, kivuli, uzi tena. Na kila ukiedit na kuseti upya, picha hubanwa tena na kitu kingine kinaenda. Hakirudi. Hakuna app ya kukirudisha, hata ikikuahidi. Itakubunia tu nyuzi ambazo mum hakuzisuka.

Siku hizi picha nazitoa kwa simu ya mum na kebo. Nikiwa mbali ananitumia kama dokumenti, si kama picha, na inafika vile ilivyo. Ile ya asili siigusi, nafanya kazi na nakala. Nakata kochi, napunguza upana mpaka 1600, nainoa kidogo (baada ya kupunguza, si kabla), naseti mara moja tu kwa ubora wa kama 80. Hiyo 1600 sikuitoa hewani. Nafasi ya picha kwa tovuti yetu ni karibu 800, lakini skrini nyingi za simu zinaweka pikseli mbili au tatu mahali tovuti inahesabu moja, kwa hivyo ukiweka 800 kamili inaonekana imelala. Kupunguza nafanya kwa Squoosh, ni ya bure, inafunguka kwa kivinjari na picha haitoki kwa simu yako. Inakuonyesha ya zamani na mpya zikiwa pamoja, unasukuma mstari katikati ukilinganisha.

Sasa najua kuna msee atasema, si uweke tu ile kubwa ya asili, mambo yaishe? Nilijaribu. Picha kumi za MB 5 kila moja ni MB 50, na mteja wangu ako kwa mat na bando la ishirini bob. Atafunga kabla kiondo cha kwanza kifunguke. Na kuna tovuti ambazo hazitakuachia hata ukiweka kubwa. Kama yako ni ya WordPress, tangu 2019 picha ikipita pikseli 2560 inapunguzwa yenyewe, na zile saizi ndogo inazotengeneza za JPEG kwa kawaida inazibana kwa ubora wa 82. Kama kitu lazima kipunguzwe, mimi naona heri nikipunguze nikiangalia.

Lakini hii yote ni bure kama picha ilianza ikiwa na ukungu. Kamera ya mum ilikuwa na mafuta ya mandazi. Siku hizi anaipangusa na leso kwanza, kiondo kinakaa kando ya dirisha asubuhi, anasonga karibu badala ya kuzoom.

Picha mpya nilimwonyesha jioni. Nilidhani atafurahi. Akaivuta na vidole, akanyamaza, akaweka kidole karibu na mdomo wa kiondo. "Hapa niliruka uzi. Sasa watu wataona."

Na kweli ulikuwa unaonekana. Kwa ile picha ya beseni hakuna mtu angejua. Nikamwambia naweza kuiondoa, ni dakika moja tu, ama nipige upande mwingine. Akafikiria, akarudisha mkonge kwa paja.

"Wacha ikae. Plastiki hairuki uzi."

Nikamtumia yule wa Nakuru. Ameuliza kama tuko na kubwa kidogo ya hiyo, yenye mshipi wa ngozi. Pesa bado hajatuma.