Homa Yenye Jina la Swali

Mbuzi wa Mjomba walipozaa, yeye ndiye aliyekuwa mkunga wao, mikono mitupu. Homa ilipomshika, sote tulikata shauri kuwa ni malaria. Alimeza dawa, akapata nafuu, homa ikarejea. Miezi ikapita, akawa anatweta kwa kupanda kilima kidogo tu.

Hatimaye daktari mmoja alimwuliza, "Unafuga nini?" Kumbe ilikuwa homa ya Q. Edward Derrick aliieleza mwaka wa 1937, ilipowapata wafanyakazi wa kichinjio huko Brisbane, Australia. Kwa kutojua kisababishi, aliipa herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya swali. Bakteria wake, Coxiella burnetii, huingia mwilini mtu avutapo vumbi lililochanganyika na maji ya uzazi wa mifugo. Kwa wagonjwa wachache hujificha katika vali za moyo, hasa zilizokwisha kudhurika, wakaziharibu polepole. Tiba yake huchukua miezi 18 au zaidi.

Mjomba angali hai, ila vali moja haikurudia hali yake. Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi, mwanafunzi wa lugha niliyeujua msemo huo tangu utotoni, sikuwahi kumwuliza alichokishika kila alfajiri.