Nani Aliyeleta Ugonjwa Huu?

Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo, na methali hii twaitumia sana mtoto anapofanana na wazazi wake kwa sura au kwa tabia. Katika habari hii nataka kuwasimulia wasomaji jinsi methali hiyo ilivyogeuzwa fimbo ya kumpigia mama yangu, na jinsi somo moja la baiolojia lilivyoivunja fimbo hiyo.

Kwetu ni Mkoa wa Mara, katika kijiji kilicho karibu na Ziwa Victoria. Tumezaliwa watoto wanne, na kitinda mimba ni msichana ambaye sasa ana umri wa miaka tisa. Alipokuwa na miezi minane hivi vidole vyake vya mikono na miguu vilivimba, akawa analia usiku kucha. Hata alipotimiza miaka miwili alikuwa amelazwa hospitali mara tatu kwa upungufu wa damu. Ndipo daktari alipompima na kusema kuwa ana sikoseli, ugonjwa ambao katika vitabu huitwa selimundu.

Tangu siku ile mama hakuona raha. Ndugu wa upande wa baba walisema kuwa katika ukoo wao hapajapata kuwa na ugonjwa kama huo, kwa hiyo mama ndiye aliyeuleta kutoka kwao. Shangazi alikuwa akisema waziwazi, hata mbele ya wageni, "Maji hufuata mkondo, na mkondo huu si wetu." Mama hakujibu. Aliinama tu akaendelea kuchambua dagaa wake. Nami, nasema haya kwa aibu, niliyaamini maneno ya shangazi. Kila mara fedha ya nauli yangu ya shule ilipotumika kumpeleka mdogo wangu hospitali, nilimkasirikia mama moyoni.

Basi muhula uliopita mwalimu wetu wa baiolojia alianza somo la urithi. Alitueleza kwanza habari za Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere katika bustani ya watawa na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Halafu akatueleza juu ya DNA. Hiyo ni kama uzi mrefu, mwembamba sana, uliokunjwa ndani ya kiini cha chembe za mwili. Maagizo yake yameandikwa kwa herufi za namna nne tu, lakini herufi hizo kwa jumla ni kama bilioni 3. Kipande cha uzi huo chenye agizo la kutengeneza kitu fulani mwilini ndicho kinachoitwa jeni.

Hapo akatoa mfano ulionifanya niweke kalamu chini. Alisema kuwa iko jeni inayoagiza jinsi ya kutengeneza himoglobini, kitu chekundu kinachobeba hewa ya oksijeni katika damu. Herufi moja tu ikibadilika mahali fulani katika jeni hiyo, himoglobini huharibika, na chembe nyekundu ya damu ambayo kwa kawaida ni ya duara hupinda kama mundu. Chembe zilizopinda hunasa katika mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu makali ya mifupa. Tena chembe nzima huishi kama siku 120, lakini hizo hufa baada ya siku 10 hadi 20, na huo ndio upungufu wa damu.

Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja mbovu na moja nzuri kwa kawaida haugui, wala hajui kuwa anayo. Lakini mtoto akipokea nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, huyo ndiye anayeugua.

Kengele ilipolia nilibaki darasani. Nikamwuliza, "Mwalimu, kwa hiyo mama peke yake hawezi kuuleta ugonjwa huu?" Akanitazama kwa muda, akajibu, "Hawezi. Mtoto mwenye nakala mbili mbovu amepewa moja na baba na moja na mama, na hakuna aliyechagua kumpa."

Aliniazima kitabu, nikasoma usiku wa maandalio. Humo nilikuta habari za Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa Kenya, akaona kuwa wenye nakala moja ya selimundu ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache sana katika nchi za juu zenye baridi na mahali pakavu. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake: nakala hiyo moja humkinga mtoto asizidiwe na malaria. Kumbe huku kwetu penye mbu wengi jeni hii ilidumu kwa sababu iliokoa watoto wengi. Si laana, wala si damu chafu ya ukoo fulani.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani na jambo langu. Jioni moja shangazi alipokuja, nilichukua makopo mawili, nikatia katika kila kopo harage moja na punje moja ya hindi. Nikasema, "Shangazi, kopo hili ni baba na hili ni mama, nao wote ni wazima. Harage ni nakala mbovu. Tafadhali fumba macho, utoe kimoja huku na kimoja huku, kisha uvirudishe." Akacheka, akakubali. Mara ya kwanza alitoa hindi na harage. Nikamwambia mtoto huyo ni mzima. Mara ya pili mahindi mawili, mara ya tatu harage na hindi. Mara ya tano yakatoka maharage mawili.

Nikamwuliza, "Shangazi, harage hili umelitoa wapi?"

"Kopo la mama yako."

"Na hili?"

Akalitazama kopo la pili kwa muda mrefu. "Kopo la kaka yangu," akasema polepole.

Hakuomba radhi kwa maneno. Lakini kesho yake asubuhi alikuja na maziwa ya mgonjwa, akaketi kando ya mama, wakachambua dagaa pamoja. Mimi nami nilimwendea mama nikamwungamia yote niliyokuwa nikiyafikiri. Akasema tu, "Chai yako inapoa, mwanangu."

Kabla ya kurudi shule nilikwenda kupimwa. Ninayo nakala moja. Huenda ndiyo iliyonilinda nilipougua malaria utotoni, ingawa siwezi kusema kwa hakika. Ninalojua ni kwamba nikioa mwenye nakala kama yangu, katika kila mimba mtoto wetu atakuwa na nafasi moja katika nne ya kuugua. Makopo hayakumbuki yaliyotoka mwanzo.

Wanafunzi wenzangu, mwakani wengi wetu tutakuwa tumeondoka hapa, na siku moja tutaoa au kuolewa. Yafaa kila mmoja ajue damu yake mapema, si ili amkimbie mwenziwe, bali ili waamue pamoja wakiwa na macho. Nanyi wazazi, mtoto mwenye maumivu apelekwe kliniki upesi, maana ziko dawa kama haidroksiyurea zinazopunguza maumivu hayo. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu hata tiba ya kurekebisha jeni zenyewe, ingawa bei yake bado ni kubwa mno kwa watu kama sisi.

Mdogo wangu yuko darasa la tatu. Ameniandikia barua kuniuliza kama maharage yale yalipikwa. Nimemjibu kuwa tuliyala yote.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne