Sweta, Meli na Mchumba

Ukipata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, kila mtu anakupangia safari. Dada anataka picha yako ukiwa London, mjomba anauliza kama utafika uwanja wa Manchester, na mchumba wangu, yeye kichwani alikuwa na Paris tu. Mimi nilikuwa na sehemu moja ambayo hakuna aliyeielewa: Shetland, kwenye wiki ya sufu.

Shetland Wool Week ni tamasha la wafumaji. Linafanyika mwishoni mwa Septemba kuingia Oktoba, kwenye visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, na lilianza mwaka 2010. Visiwa vyenyewe vina watu kama 23,000, na kondoo wamewazidi kwa mbali.

Sasa utauliza, binti wa Kitanzania na sufu wapi na wapi? Bibi yangu ni wa Lushoto, na Lushoto baridi si mchezo. Ndiye aliyenishikisha sindano nikiwa darasa la tatu. Vitambaa vyake vilikuwa juu ya kila kochi, juu ya redio, mpaka juu ya mtungi wa maji. Vingine vilikwenda dukani vikarudi sukari na mafuta ya taa. Alifariki nikiwa kidato cha sita, na tangu hapo sindano zilikaa kwenye boksi chini ya kitanda. Nilipopata chuo Edinburgh, nilizifunga kwenye begi kabla ya viatu.

Tatizo likawa kalenda. Masomo yanaanza Septemba, tamasha nalo Septemba hiyo hiyo. Na mwanafunzi wa viza hachezi na vipindi, maana chuo kinaangalia mahudhurio yako. Juu ya hapo, mwenzangu alikuwa amepata likizo ya wiki mbili tu kazini, na ndege yake ilikuwa inatua wiki hiyo ya tamasha. Tulikuwa hatujaonana tangu nilipoondoka Dar, na mfuko tuliokuwa tunautumia ndio huo huo wa harusi.

“Yaani nitoke Dar mpaka huko, halafu nipande meli usiku kucha kwenda kuangalia masweta?” aliniuliza kwenye simu. Nikanyamaza. Mwanamke akinyamaza kwenye simu ya kimataifa, mwanamume mwenye akili huanza kufikiria upya.

Lililonisaidia ni viza, jamani. Viza ya Uingereza haikupeleki Ufaransa. Paris ni Schengen, na kila mmoja wetu angetakiwa kuomba yake, yeye Dar, mimi huku, pamoja na ada na miadi ambayo hujui utaipata lini. Shetland iko ndani ya Uingereza, viza ile ile. Mhasibu wa watu alipopiga hesabu, akasema, “Haya, twende kwenye kondoo wako.”

Ratiba tuliibana hivi. Kipindi changu cha mwisho kilikuwa Alhamisi asubuhi. Mchana tukachukua treni ya Edinburgh kwenda Aberdeen, kama saa mbili na nusu, kwa kadi ya punguzo la theluthi moja (hata ukizidi miaka 25, ukiwa mwanafunzi wa muda wote unaipata, usiiache). Jioni meli ikang'oa nanga. Chumba ni ghali, tukalala kwenye viti vya kuegemea. Bahari ya huko haina adabu. Mwenzangu, mtoto wa Tanga aliyezoea ngalawa, alishika kiti kama anayeapishwa. Saa moja na nusu asubuhi tukawa Lerwick.

Darasa za ufumaji zina tiketi zake na zinajaa mapema sana, kwa hiyo kama unataka kufundishwa, kata tiketi miezi kabla hata hujapanga mabegi. Sisi tulipata moja tu. Hata bila darasa huzubai: jumba la makumbusho la Shetland ni bure kuingia, na wafumaji wanafungua karakana zao uone kazi. Niliona wanawake wamevaa mkanda wa ngozi kiunoni, wenyewe wanauita makkin belt, una matundu ya kuchomeka sindano moja ili mkono ubaki huru. Zamani walifuma hivyo huku wanatembea na mizigo mgongoni. Ufumaji wa Fair Isle kwenye mstari mmoja unatumia rangi mbili tu, ingawa ukiangalia sweta utaapa ni kumi. Na kuna shali nyembamba za kisiwa cha Unst, shali nzima inapita kwenye pete ya ndoa. Mwenzangu aliangalia pete, akaniangalia mimi, hakusema kitu.

Kilichonikalia moyoni ni jambo jingine. Huko zamani mfumaji alikuwa hapewi pesa na mfanyabiashara. Alipewa chai, unga, kitambaa, tena kwa bei aliyoipanga mwenye duka. Mambo yakawa mabaya mpaka serikali ikaunda tume, ripoti ikatoka mwaka 1872. Nilisimama pale nikamwona bibi anarudi kutoka dukani na kilo yake ya sukari, kitambaa cha wiki tatu kimebaki kaunta. Nililia kidogo, sisemi uongo. Mwenzangu hakumwahi bibi. Akaniomba nimsimulie, tukakaa kwenye ukuta wa bandari, upepo unatuchapa, nikamsimulia mpaka chai ikapoa. Miaka minne ya uchumba, hayo yote hakuwa ameyasikia.

Jumapili jioni tukapanda meli ya kurudi, Jumatatu saa nane mchana nikawa kwenye kipindi, macho mekundu lakini nimehudhuria. Begini nilikuwa na vibonge vinne vya sufu, vya rangi ya asili ya kondoo, kijivu na ule wekundu wa udongo wanaouita moorit. Kimoja alinunua yeye kwa pesa yake. Anataka kofia, na Dar joto lote lile sijui ataivaa wapi.

Paris tumeihamishia fungate. Viza anashughulikia yeye.