Kosa Langu Juu ya Gari la Mjomba

Likizo iliyopita nilikaa Tarime kwa mjomba wangu, mwenye gari aina ya Toyota Noah la kuchukua abiria mpaka Mugumu, wilaya ya Serengeti. Gari hilo ndilo linalowalisha watoto wake, na ndilo lililoninunulia godoro la bweni.

Fundi alikuwa amebadili nozeli za petroli, akafunga na regulata mpya yenye skrubu. Nilipoiona nikakumbuka fizikia: msukumo ukizidi, mafuta hutoka kwa nguvu. Nikajisemea, "Nikiikaza kidogo, gari litapanda milima kama swala." Alfajiri, mjomba akinywa chai, nikaikaza kwa siri.

Nilisafiri naye siku ile. Kabla hatujavuka Mto Mara gari lilikuwa likitoa moshi mweusi. Lita 18, ambazo humtosha kwenda na kurudi, ziliisha tulipopita Nyamongo katika kurudi. Abiria wakashuka gizani, mmoja wao mama mwenye mtoto mchanga, na mjomba akawarudishia nusu ya nauli. Lawama zote akamtupia fundi. Mimi nikanyamaza, usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi, mjomba alipoanza kumfokea fundi, nikasema, "Mjomba, ni mimi."

Fundi hakunicheka. Alifunga geji, akachomoa mpira mwembamba utokao kwenye menifodi, akauziba, injini ikiunguruma polepole. Sindano ikasimama penye baa 4. Ilipasa iwe 3. Akalegeza skrubu, akakaza nati, akarudisha mpira. Sindano ikashuka chini ya 3. Akanieleza kwamba mpira ule huifanya regulata ifuate mvuto wa hewa, ili tofauti baina ya msukumo wa petroli na wa hewa isibadilike. Petroli ya ziada hurudi tangini. Kompyuta hupanga muda wa nozeli kufunguka tu; haijui nani amekaza skrubu.

Nikapiga hesabu. Petroli hufuata kipeuo cha pili cha msukumo, basi kutoka 3 mpaka 4 huongezeka kama 15 kwa 100. Lakini hewa haikuongezeka hata kidogo, na petroli bila hewa ni moshi mtupu.

Mjomba alisema neno moja tu: "Mwalimu amekupa nusu, mjomba. Nusu ya pili uulize kabla ya kushika spana."

Ndugu wasomaji, tangu siku hiyo nauliza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne