Kudidimia, Kumeguka, Kuporomoka

Tangu baba atutoke, mama ameniomba jambo moja tu: baraza ya mbao nyuma ya nyumba yetu ya Lushoto, upande unaotazama bonde, apate pa kukaa jioni ukungu unapopanda. Nami, niliyekwisha kutunga beti nyingi kuhusu milima ya Usambara, nilidhani naijua vya kutosha kusimamisha juu yake nguzo 6.

Fundi alipofika hakutoa msumeno. Alizunguka uwanja kimya, kisha akaniuliza, "Mwalimu, unachokiogopa hapa ni kipi? Kudidimia, kumeguka au kuporomoka?"

Niliona haya. Vitenzi hivyo nimevibadilishana miaka mingi, nikichagua kinachotimiza mizani. Kwake kila kimoja kina hatari yake. Nguzo hudidimia penye udongo usioshindiliwa. Haianguki, ila sakafu huenda upande. Ukingo humeguka nguzo inapochimbiwa karibu mno na genge. Kuporomoka ni mteremko wenyewe kuondoka, kama sehemu ya Mlima Hanang ilivyoporomoka Desemba 2023, tope na mawe yakaushukia mji wa Katesh.

Tukaanza kwa macho. Kwa kamba na pimamaji tuliona kwamba kila mita 2 za kwenda mbele ardhi ilishuka karibu mita 1. Mparachichi wa ukingoni ulikuwa umepinda chini ya shina kama mundu: uliinamia bondeni ulipokuwa mdogo, kisha ukajinyoosha kulitafuta jua. Huenda udongo ulikuwa ukitambaa, nasi hatuna habari.

Kisha mikono. Fundi alilowesha konzi ya udongo, akausokota viganjani. Kichanga husambaratika, tifutifu hukatika upesi. Huu wetu ulitoa uzi mrefu mwekundu. Ni mfinyanzi, na mfinyanzi ukishiba maji ya masika huwa mzito na papo hapo hulegea.

Mwisho sululu. Shimo la kwanza halikusema kitu. La pili, kina cha kiuno, chini ya wekundu ule ulitokea udongo mweusi wenye mizizi iliyooza, na ndani yake kigae cha sahani yenye maua ya buluu. Fundi akaweka sululu chini. Udongo mweusi mahali pake ni juu. Ukiukuta chini, yupo aliyeufukia.

Nikamwita mama. Alikitazama kigae akacheka, kisha akanyamaza. "Mwanangu, baba yako alipokata kilima apate kiwanja, udongo wote aliumwaga huku, toroli kwa toroli. Nami nikatupa humo vyombo vyangu vilivyovunjika."

Kumbe kwa miaka 30 nilicheza juu ya kifusi nikikiita ardhi. Nguzo zingepaswa kukipita chote hadi udongo wa asili, na bado kingeweza kuondoka nazo siku ya mvua kubwa. Tukajenga ubavuni mwa nyumba, pale baba alipokata na kuacha udongo mgumu. Maji ya paa tukayatengenezea mfereji yasimwagike kwenye kifusi. Kutoka hapo bonde huonekana nusu. Nusu ya pili huzibwa na pembe ya nyumba. Mama anasema nusu inamtosha. Simwamini sana, lakini kila jioni namkuta pale, na kigae amekiweka dirishani.

Katika shairi la maombolezo nililomtungia baba, niliandika kwamba siku ile nyumba yetu iliporomoka. Usiku wa kwanza wa baraza nililirudia. Nyumba haikuporomoka: tuliendelea kupika, kulima na kupokea wageni, huku sakafu ikienda upande kidogo kidogo. Nikafuta, nikaandika ilididimia. Mizani ni zilezile 6. Kina kimeharibika, nami nimekiacha hivyo.